Vikwazo dhidi ya makaburu: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukizuka mjadala wa vikwazo vya kiuchumi, Afrika Kusini haikosi kutajwa, na mara nyingi inatajwa vibaya. Makosa haya yananiuma, maana yanafuta jasho la watu waliolipa gharama halisi.

Dhana: Vikwazo vilibuniwa na nchi za Magharibi miaka ya 1980.

India ilikata biashara na Afrika Kusini mwaka 1946, ikiwa bado chini ya Mwingereza, kwa ajili ya manyanyaso waliyokuwa wakifanyiwa Wahindi huko. Mwaka 1959 Albert Luthuli, rais wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliuomba ulimwengu ususie bidhaa za nchi yake mwenyewe. Juni 26 mwaka huohuo Julius Nyerere alihutubia mkutano wa London uliozindua kampeni ya kususia, pamoja na padri Trevor Huddleston. Tanganyika ilikuwa haijapata hata uhuru. Bunge la Marekani lilipitisha sheria yake ya vikwazo mwaka 1986, tena kwa kuitengua kura ya turufu ya Rais Reagan. Hapo ilikuwa imepita miaka 40 tangu India ichukue hatua.

Dhana: Umoja wa Mataifa ulifunga kila mlango.

Kwa Afrika Kusini, Baraza la Usalama lililazimisha jambo moja tu: marufuku ya silaha, mwaka 1977. Biashara ya kawaida haikuwahi kupigwa marufuku ya lazima, kwa kuwa Uingereza na Marekani zilikuwa na kura ya turufu na zikaitumia.

Jirani yake Rhodesia, Zimbabwe ya leo, chini ya utawala wa walowezi wa Ian Smith, ndiyo iliyowekewa vikwazo vya lazima mwaka 1966, vikakamilishwa 1968. Manowari za Uingereza zilishika doria kwenye mlangobahari wa Msumbiji tangu 1966 hadi 1975 ili mafuta ya Rhodesia yasifike bandari ya Beira. Wakati huohuo mafuta yalikuwa yakiingia Rhodesia kupitia Lourenço Marques, Maputo ya leo, na kampuni tanzu za Shell na BP zilihusika. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza yenyewe ulithibitisha hayo mwaka 1978. Marekani nayo ilijitungia sheria mwaka 1971 iliyoiruhusu kununua kromu ya Rhodesia, na haikuifuta mpaka 1977.

Dhana: Majirani waliofanya biashara na makaburu walikuwa wasaliti.

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Itazame Zambia, Novemba 11, 1965, siku Smith alipojitangazia uhuru. Shaba ya Zambia ilisafiri kwa reli ya Rhodesia. Makaa ya mawe yalitoka Wankie, hukohuko Rhodesia. Umeme ulitoka bwawa la Kariba, mpakani mwa nchi hizo mbili, na mitambo ilikuwa ukingo wa kusini, mikononi mwa Smith. Mafuta yalipokatika, ikabidi yaletwe kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbovu iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo, Oktoba 1978 Kenneth Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, inayopita Rhodesia, kwa sababu mbolea ilikwama na msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Sioni usaliti hapo. Naona nchi isiyo na bahari iliyobeba mzigo ambao mataifa tajiri yaliukwepa.

Tanzania nayo ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Malawi ni habari nyingine. Kamuzu Banda alianzisha uhusiano wa kibalozi na Pretoria mwaka 1967, akachukua mkopo wao kujenga Lilongwe, na 1971 akaenda kuzuru huko. Ndiyo, nchi yake ilikuwa maskini na imezingirwa. Lakini kupokea mizigo kupitia kwa jirani mbaya si sawa na kumkumbatia hadharani, na hilo la pili alilichagua mwenyewe.

Dhana: Vikwazo viliwaumiza Waafrika tu, serikali haikuguswa.

Kwamba Waafrika wangeumia, Luthuli alilisema wazi tangu mwanzo, na bado akaomba kususiwa. Serikali iliguswa pale mikopo ilipokauka. Mwaka 1985, baada ya hali ya hatari kutangazwa, benki ya Chase Manhattan ilikataa kuongeza muda wa mikopo yake, na benki nyingine zikafuata. Agosti 15 P. W. Botha alihutubia Durban akigoma kubadilika; randi ikaporomoka, na Septemba nchi ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Mwezi huohuo Gavin Relly, mwenyekiti wa Anglo American, aliongoza wafanyabiashara wenzake hadi Zambia kuzungumza na Oliver Tambo wa ANC, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku nchini mwao.