Bustani ya maji ndani ya kabati, Lamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kabati kuukuu la vyombo lina nafasi ya kutosha kuotesha rehani, nanaa na dania za nyumba nzima, bila udongo na bila uwanja. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao kazi yao kubwa ni kuipasha bustani moto. Kisiwani Lamu maadui ni joto na chumvi. Ukiwajua hao wawili, dhana nyingi zilizo hapa chini zinaanguka zenyewe.

Vipimo tutakavyotumia ni vya kabati lenye upana wa sentimita 90 kwa ndani, kina 40 na kimo 80. Ndani yake hulazwa ubavu mitungi miwili ya plastiki ya lita 20, na kila mmoja hutobolewa matundu manne upande wa juu. Kila tundu hubeba kikombe chenye mmea, na mizizi yake hunywa maji yenye mbolea yaliyo mtungini. Hiyo ni mimea minane.

Dhana: Maji ya kisima yakichemshwa, chumvi hutoka.

Kinachotoka ni mvuke, chumvi hubaki. Lita kumi zikichemka zikabaki nane, chumvi yote ya zile kumi sasa imo kwenye nane. Ndani ya mtungi wa bustani jambo hilohilo hutokea polepole: mmea hunywa maji na sehemu kubwa ya chumvi ya kawaida huiacha nyuma. Maji yakishuka kutoka lita 15 hadi 5, chumvi hiyo imekaribia kukolea mara tatu. Ncha za majani hukauka na kuwa za kahawia, mmea unadumaa, na mwenye bustani akidhani una njaa huongeza mbolea. Ameongeza chumvi juu ya chumvi.

Mji wa Lamu hutegemea visima vya Shela, ambako mvua huchujika katika vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Visima vya majumbani vina hali tofauti, kila kimoja na chake, na ulimi hauwezi kuamua. Nunua kipimo cha EC, kile kidogo cha kuchovya, kinachoonyesha wingi wa chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yakisoma chini ya 0.4 mS/cm, yatumie yalivyo. Yakiwa kati ya 0.4 na 0.8, yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua. Yakikaribia 1 au kuzidi, yaache yafanye kazi nyingine za nyumbani.

Maji ya mvua ndiyo bora, ila mvua ya kwanza iache ipite, maana huosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo. Yaliyopita kwenye makuti huwa na rangi ya chai na huoza upesi. Yaliyolala kwenye birika la kuhifadhia maji lililopakwa chokaa huwa na pH ya juu, yaani uchachu kidogo mno, ilhali mimea hii inataka 5.5 hadi 6.5. Wengi hukamulia ndimu. Ndimu hushusha pH kweli, lakini bakteria huila tindikali yake na baada ya siku chache pH imerudi ilipokuwa. Tumia tindikali ya fosfori inayouzwa kwa kazi hii: tone baada ya tone, koroga, subiri robo saa, pima tena. Vaa glovu.

Dhana: Mbolea ya shambani ikiyeyushwa ndani ya maji inatosha.

Haitoshi, na mara nyingi hudhuru. Yurea hutegemea bakteria wa udongoni waigeuze kabla haijawa chakula kizuri cha mmea. Ndani ya mtungi mpya bakteria hao ni wachache, na amonia inayotokea huunguza mizizi. DAP, mbolea ya kupandia, ina fosfeti nyingi lakini haina kalsiamu, na ukiiongezea kalsiamu ndani ya ndoo hiyohiyo vinashikana na kuwa mashapo meupe chini. Mashapo hayo mizizi haiwezi kuyala.

Kinachotakiwa ni mbolea ya hidroponiki, yaani ya kilimo cha maji bila udongo, yenye madini madogo yote, chuma kikiwemo. Kwa majani ya viungo, mchanganyiko huu unatosha katika lita 10 za maji: gramu 4 za NPK ya hidroponiki ya 4-18-38 (namba za naitrojeni, fosfeti na potashi), gramu 2 za salfeti ya magnesi, na gramu 4 za naitreti ya kalsiamu. Yeyusha NPK kwanza mpaka maji yawe angavu, kisha magnesi, na kalsiamu iwe ya mwisho, ikiwa imeyeyushwa pembeni ndani ya kikombe cha maji. Mpangilio huo una sababu: kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti zikiwa bado nzito, mashapo ni lazima. Kwa maji ya mvua EC itasoma karibu 1.2 hadi 1.4. Mizani ya jikoni ya gramu moja moja haiaminiki kwa gramu 2, kwa hiyo tengeneza lita 30 kwa pamoja: gramu 12, 6 na 12.

Dhana: Bila pampu ya hewa mizizi itazama na kufa.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi, na kwa mji ambao umeme hukatika ndiyo yenye hatari zaidi pia. Mtambo unaotegemea pampu kupitisha maji membamba mizizini unaweza kuua mimea mchana mmoja wa joto umeme ukikosekana. Kuna njia isiyotumia pampu kabisa, iliyoenezwa na B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Maji hujazwa mara moja yakigusa sentimita moja au mbili za chini za kikombe chenye mmea. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na mizizi iliyobaki juu, kwenye unyevu, huota vinyweleo vyeupe vinavyovuta hewa. Mizizi ya chini hunywa, ya juu hupumua.

Kosa linaloharibu njia hii ni huruma. Mtu akiona maji yameshuka nusu, anajaza tena mpaka juu. Mizizi ya hewa haijazoea kuishi majini. Inazama, na baada ya siku moja au mbili mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Ukiongeza, usipite thuluthi ya kimo cha mtungi. Kadiria lita 4 za kuanzia kwa kila mmea. Mitungi miwili yenye lita 15 kila mmoja inakaribia sana hesabu hiyo.

Hapo ndipo joto linapoingia. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, wakati mizizi yenye joto inahitaji zaidi. Vimelea vya Pythium, vinavyoozesha mizizi, hupenda hali hiyo. Inua kikombe utazame: mizizi mizima ni meupe au ya rangi ya maziwa, migumu kidogo, haina harufu. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza kama bamia, na ukiivuta ganda linatoka kikabaki kiuzi chembamba. Ukiiona hiyo, mmea huo utoe, usiupe dawa.

Kuyapoza maji hakuhitaji mashine. Weka mitungi chini kabisa kabatini, karibu na sakafu, kamwe si juu ya taa za rafu nyingine. Na washa taa usiku: saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi. Mmea uliofungiwa kabatini haujui saa ya nje, na wewe umeondoa joto la taa kwenye mchana wa kaskazi.

Dhana: Mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia uko tayari kwa kazi.

Shika mtungi huo mtupu ukiuelekeza kwenye jua: utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mwanga unaopita hapo unatosha kuotesha uchafu wa kijani, ambao hula mbolea na kuoza. Osha mafuta kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu mpaka maji yasifanye utando. Paka rangi nyeusi nje, kisha nyeupe juu yake. Nyeusi huzuia mwanga, nyeupe hurudisha joto.

Dhana: Taa lazima ziwe za zambarau.

Taa nyeupe za LED zinatosha, na zina faida kwamba unaona rangi halisi ya jani na kugundua ugonjwa mapema. Tumia tyubu tano za sentimita 60, wati 10 kila moja, nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hadi 5000, zikiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya ncha za majani. Paka dari na kuta za ndani rangi nyeupe isiyong'aa. Wati 50 kwa saa 16 ni yuniti 0.8 kwa siku, yaani yuniti 24 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa ujue gharama kabla hujaanza.

Wako wanaotegemea mwanga wa chumbani. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta nene na madirisha machache, na vyumba vya ndani hupata mwanga wao kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Jicho huzoea, mmea hauzoei. Mche ukirefuka na kulala kama uzi, tatizo ni mwanga.

Dhana: Kabati lolote litafaa.

Chipubodi haifai. Ikinywa unyevu inavimba kwenye kingo, na skrubu zinang'oka. Maji pekee ni kilo 30, ukiongeza mitungi na mimea. Kabati la mbao ngumu, au la plaiwudi ya milimita 18 yenye taruma katikati chini ya sakafu yake, litabeba. Paka vanishi ya boti mara tatu ndani, hasa kwenye vichwa vya mbao vilivyokatwa, na tumia bawaba za shaba na skrubu za stenlesi. Hewa ya bahari hula chuma cha kawaida hata pasipo bustani.

Usiligusishe kabati na ukuta wa mawe ya matumbawe. Ukuta huo huvuta na kutoa unyevu; acha sentimita 5. Na usifunge milango bila tundu. Feni moja ya kompyuta ya voti 12, ya sentimita 12, ikitoa hewa juu, na tundu la ukubwa huohuo chini lenye wavu, vinatosha kuzuia ukungu.

Umeme usifanyiwe masihara. Adapta na soketi vikae juu ya maji, nje ya kabati. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Fundi afunge swichi inayokata umeme ukivuja. Voti 240 na chumvi ni mchanganyiko wa kuua.

Dhana: Bustani ya maji ni kiwanda cha mbu.

Hofu hii ina msingi, na anayeicheka anakosea. Mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2004 uliikumba Lamu vibaya, na mbu wake walizaliana ndani ya vyombo vya maji ya nyumbani. Wazee waliweka ndani ya birika visamaki vinavyokula viluwiluwi. Mtungi wenye mbolea haumfai samaki, kwa hiyo kinga ni kufunika. Kila tundu lizibwe na kikombe kinachobana. Tundu lisilo na mmea lizibwe kwa kizibo, na mdomo wa mtungi ufungwe kwa kifuniko chake. Katika joto letu yai laweza kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10, hivyo tundu lililosahauliwa wiki mbili limeshatoa kizazi.

Dhana: Makumbi ya nazi ni bure, yatie tu kikombeni.

Makumbi ni mazuri sana kwa kushika mmea kikombeni, lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamelowa maji ya bahari. Hata ya shambani yana chumvi yake. Yachambue, yaloweke kwenye maji matamu, yakamue, rudia mpaka maji ya mwisho yasome EC karibu sawa na yalivyoingia. Mara tatu ndiyo kawaida.

Dhana: Mboga hizi ni za kemikali.

Mzizi huinywa naitreti kwa umbo lilelile, iwe imetoka kwenye samadi au kwenye chumvi ya dukani. La kuangalia ni jingine: mmea wenye mwanga hafifu hulimbikiza naitreti majanini. Taa zitoshe, na vuna mwishoni mwa saa za taa, saa 3 au 4 asubuhi.

Dhana: Kila mboga itaota.

Rehani ndiyo mfalme wa kabati la Lamu: hustahimili joto, na baada ya wiki tano au sita unakata ncha kila wiki, za jikoni na za kikuba. Nanaa panda kwa kipande cha shina chenye vifundo vitatu. Huota mizizi ndani ya wiki mbili. Mchicha huwa tayari kwa takriban mwezi mmoja, ila matundu manane hayatoshi sufuria ya familia kila siku. Dania hukimbilia maua joto likizidi. Saladi huwa chungu. Ipande wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, na wakati wa kaskazi iache. Nyanya hazina nafasi humu.

Baina ya zao na zao, mwaga yote. Sugua mitungi, ijaze maji yenye mililita 10 za dawa ya klorini ya kufulia kwa kila lita, subiri dakika 15, suuza, anika juani. Maji ya mbolea yaliyobaki yaongezee maji matamu kiasi hichohicho, umwagie mwasumini ulio kiwandani.