Megarachne hakuwa buibui

Kila nikiwaonyesha wageni visukuku vya athropoda wa kale (jamii ya wadudu, buibui na kaa), hakosekani wa kuuliza: "Na lile buibui kubwa kama sinia liko wapi?" Halipo. Halijawahi kuwapo.

Wanayemuulizia ni Megarachne servinei, jina lenye maana ya "buibui mkubwa", aliyepatikana kwenye miamba ya Bajo de Véliz, mkoa wa San Luis, Argentina, yenye umri wa miaka milioni 300 hivi. Mwaka 1980 mtaalamu wa visukuku Mario Hünicken alimtangaza kuwa buibui mkubwa kupita wote: mwili sentimita 34, miguu ikitanda nusu mita. Hakukurupuka. Aliona gamba la kichwa lenye macho, nyuma yake duara alilodhani ni tumbo, akapiga hadi picha za eksirei. Tatizo, kisukuku chenyewe kilitunzwa kwenye sanduku la benki, na wataalamu wengine wakaishia kukagua nakala ya plasta. Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia: usimwainishe mnyama kwa plasta wala kwa picha ya simu, dai uone jiwe.

Baadaye kikapatikana kielelezo cha pili kutoka miamba ileile. Ganda lake lina vijinundu vilivyopangika mithili ya magamba, na vipingili vya miguu ni bapa. Buibui hana hayo, yuripterida, athropoda wa majini waliokwisha kutoweka, wanayo. Mwaka 2005 Paul Selden, José Corronca na Hünicken huyohuyo wakamhamishia kwa yuripterida, jirani na yuripterida mwingine, Woodwardopterus. Aliyemwita buibui ndiye aliyeshiriki kumtoa huko, na bado kuna watu wanabisha!

Hoja nyingine za wageni nazipitia haraka. "Basi ni nge wa baharini." Yuripterida si nge, na huyu aliishi kwenye maji baridi. "Jina linadanganya, libadilishwe." Kanuni za majina ya wanyama hulinda jina lililotangulia hata likipotosha. "Ukubwa wa yuripterida ulitokana na oksijeni nyingi hewani." Mwenzao Jaekelopterus wa Ujerumani alifika mita 2.5 hivi, mamilioni ya miaka kabla oksijeni haijafika kileleni. "Dinosaria waliwala?" Yuripterida walikwisha kutoweka miaka milioni 252 iliyopita, dinosaria wakaja baadaye.

Anayetaka buibui mkubwa wa kweli amtafute Theraphosa blondi kwenye misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini. Miguu yake hutanda karibu sentimita 30, na yuko hai.