Fremu ya miaka ya 1930, vipuri vya mwaka 1976

Wapenzi wa baiskeli za kale wakiiona hii yangu huuliza swali moja: fremu ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, sasa gia na mikono ya breki ya pikipiki imetoka wapi? Wengine hunionea huruma, wakidhani nimeharibu mali. Mimi nasema kila kipuri kilichopo hapo ni cha zama zake. Tofauti ni kwamba sikuchagua zama ambazo fremu ilitoka kiwandani, nilichagua zama ambazo fremu kama hii ilipandishwa mlimani.

Ni Schwinn Excelsior. Mwaka 1933 kampuni hiyo ya Chicago ilileta tairi nene za inchi 26 kwa 2.125 kwenye soko la baiskeli za watoto na vijana Marekani, na fremu zilizofuata zilikuwa za chuma kizito, zenye shingo iliyolala kidogo, kwa hiyo usukani hautapatapi kwenye mteremko. Miaka arobaini baadaye vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, walizikusanya zikiwa vyuma chakavu, wakang'oa madigadi, taa na matangi ya mapambo, wakaanza kuteremka nazo milimani. Walizipa jina la klunker. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya vumbi karibu na Fairfax iitwayo Repack, ambayo katika kilomita tatu na ushee inashuka kama mita 400.

Jina hilo la Repack lina maana kwa fundi. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga nyuma, ile inayokaa ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma. Ukirudisha pedeli, koni inasukuma vipande vya chuma vinabana ukuta wa habu. Moto wote wa msuguano unabaki humo humo ndani. Wakifika chini grisi imeungua, habu inafuka moshi, na kabla ya kupanda tena ni lazima kuifungua na kuijaza grisi upya. Kujaza upya, kwa lugha yao, ndiyo repack.

Nilitaka kulielewa hilo kwa mikono yangu kabla ya kubadilisha chochote, nikateremka mara moja na breki ya asili. Nusu ya njia pedeli ilianza kuzama kila nilipoikanyaga nyuma, kama inakanyaga tope. Nilipofungua habu jioni, grisi niliyoiweka asubuhi ikiwa ya njano ilikuwa nyeusi, nyepesi kama mafuta ya kula, yenye harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Vile vipande vya chuma vilikuwa na rangi ya bluu pembezoni. Chuma kikishageuka bluu kimepita nyuzi 280 hivi za joto.

Basi nikaamua: habu ya nyuma yenye breki ya ngoma (bitana zinazobana ukuta wa ndani wa ngoma ya chuma) na nyuzi za kufungia friwili, yale meno ya gia za nyuma, kama zile za tandemu, baiskeli za watu wawili, walizozifunga vijana wale wa Marin; mbele ngoma ya kampuni ya Sturmey-Archer, na gia tano zenye kibadilishio cha SunTour kinachosukumwa kwa kidole gumba. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa sababu ukigusa kipuri kimoja cha zama, kinakuvuta kwenye kingine. Ngoma inataka kuvutwa kwa nguvu na waya mnene, na mikono ya breki ya kawaida haiwezi. Ndiyo maana walichukua ya pikipiki. Cheni ya awali ilikuwa na hatua, yaani umbali kati ya pini na pini, ya inchi moja, na meno ya gia yake yaliachana mbali, na friwili ya gia inataka cheni ya nusu inchi. Kwa hiyo gia kubwa ya mbele nayo ikabadilika, japo krenki yenyewe, kipande kimoja cha chuma kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, niliiacha. Imara kuliko hiyo sijaiona. Kumbuka tu kwamba nati yake ya kushoto hufunguliwa kinyume, na pedeli zake ni za nusu inchi, si za inchi tisa juu ya kumi na sita zilizozoeleka leo.

Kazi iliyonichukua muda kuliko zote ni kutanua fremu nyuma. Habu ya zamani ilikaa kwenye nafasi ya milimita 110, hii mpya inataka 120. Ni chuma, kinakubali kukunjwa kikiwa baridi, hakuna haja ya moto. Ila usiweke fimbo ndefu yenye nyuzi za nati katikati na kusukuma pande zote mbili kwa pamoja, maana upande dhaifu utakubali milimita nane na mwingine mbili, na gurudumu halitakaa katikati tena. Nilisukuma bomba moja moja kwa mti mrefu, kidogo kidogo, kila mara nikipima. Kipimo chenyewe ni uzi wa kawaida: funga kwenye sikio la ekseli, pale ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu, la upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi hadi sikio la upande wa pili. Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Changu kilianza na tofauti ya milimita tatu kabla sijagusa kitu, maana yake kuna mtu aliwahi kuanguka nayo vibaya. Nimemaliza na chini ya nusu milimita, na baada ya hapo nikayakunja masikio yenyewe yatazamane, kwa sababu bomba likifunguka sikio nalo linapinda. Ukiliacha hivyo, ekseli itakuja kukatika.

Kabla ya yote hayo, kagua chini ya bomba la chini, pale linapoungana na shingo. Rangi ikiwa na ufa mwembamba wa kuzunguka, ikwangue uone. Fremu yenye ufa hapo itundike ukutani, usiende nayo mlimani.

Stemu, ile shingo inayoshika usukani na kuingia kwenye foko, pia ina mtego. Foko nyingi za Marekani za wakati ule zinapokea stemu ya milimita 21.15, na iliyozoeleka ni 22.2. Usilazimishe, na usiipige msasa hadi iingie. Tafuta inayostahili.

Uaminifu wangu kwa zama una mipaka. Gololi, nyaya na tairi nimeweka mpya bila kusita. Rimu zile zina kipenyo cha milimita 559, kile kile kilichorithiwa na baiskeli za milimani za inchi 26, hivyo tairi mpya yenye meno inaingia bila shida. Bitana za ngoma pia ni mpya, na hapa nakuomba uwe makini: za zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi lile kwa hewa wala mdomo. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kikiwa kimefungwa.

Jambo la mwisho nililofunga ni kishikio cha mkono wa ngoma, ule unaoizuia ngoma isizunguke, kwenye bomba la nyuma. Kinaonekana kipuri cha kijinga, lakini kikilegea ngoma nzima inazunguka na gurudumu na kukata waya. Nimekifunga kwa bolti mbili.

Juzi nimeteremka njia ile ile. Katikati nilisimama, nikadondosha maji ya chupa juu ya ngoma ya nyuma. Yalichemka na kukauka papo hapo. Nikaivuta breki mara mbili: mkono wa breki ulisimama pale pale uliposimama asubuhi.