Kuchanja chale mpini wa bastola

Mzee mmoja anayefanya biashara ya mifugo mnada wa Msalato aliniletea bastola yake, akaiweka mezani na leseni pembeni. Nilichomoa magazini, kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini, nikavuta slaidi, kipande cha juu kinachoteleza, nikachungulia kama kuna risasi kwenye chemba, kisha nikaingiza kidole kidogo humo. Macho peke yake siyaamini.

"Fundi, inanitelezea. Ichanje mpaka ikwaruze kama tupa."

Nikamuuliza anaibebaje. Huibeba kiunoni chini ya shati, kutwa nzima. "Mzee wangu," nikamwambia, "tukiifanya tupa, shati litatoboka na ubavu utachubuka. Utaanza kuiacha nyumbani."

Wateja wengi hudhani ukali wa chale, yaani vidoto au mistari tunayotia kwenye mpini ili usiteleze, ndio mshiko. Mshiko unatokana na mahali chale zilipo. Bastola ikirusha mkono, inayofanya kazi kubwa ni mbele ya mpini, pale vidole vitatu vya chini vinapozunguka, na nyuma, pale kitako cha kiganja kinaposukuma. Nilimpaka chaki kiganjani, akaishika mara moja kama anavyoishika siku zote, akaiachia. Alama nyeupe zikanionyesha pa kuchanja. Ubavuni, panaposugua mwili, nikaamua kutia chale hafifu tu.

Yake ilikuwa Glock. Fremu yake, yaani kiunzi cha chini chenye mpini, ni plastiki ya jamii ya nailoni, yenye vipande vya chuma vilivyozikwa ndani ambavyo slaidi hutelezea juu yake. Plastiki hii huchanjwa kwa ncha ya moto ya chuma cha solda: unagusa, unahesabu moja, unainua wima. Ukiburuta ncha, inaacha mkia, na mkia huo utauona kila siku ya maisha yako. Kwanza nazungushia tepu mpaka wa eneo, na vidoto vya pembezoni navitia kabla ya vya katikati, kwa sababu mpaka uliopinda haufichiki. Madirisha wazi, maana moshi wake si wa kuvuta. Na moto ukizidi, ukuta wa mpini huvimba kwa ndani, magazini ikakwama. Kwa hiyo kila baada ya muda naiacha ipoe, naingiza magazini tupu, nabonyeza kitufe, naangalia kama inadondoka yenyewe. Kibati cha namba ya silaha kilicho chini ya fremu, mbele, sikisogelei kabisa.

Bastola za fremu ya chuma, kama zile za muundo uitwao 1911, ni kazi nyingine. Huko natumia tupa ya mistari, 20, 25 au 30 kwa inchi. Safu moja ya meno hupita kwenye mfereji uliokwisha kukatwa, ya pili inafungua unaofuata, hivyo mstari wa kwanza ukipinda, yote itaufuata. Kwa hapa kwetu napendelea 20. Kiangazi cha Dodoma vumbi jekundu likikutana na jasho huwa tope, nalo hujaza haraka mifereji myembamba ya 30. Ya 20 unaisugua kwa mswaki mkavu, imekwisha. Fremu za alumini nawaonya wenyewe mapema: tupa inaondoa ngozi ngumu ya juu, na iliyo chini ni laini, lazima itiwe kinga upya.

Chuma au plastiki ikishaondoka hairudi. Ndiyo maana naanza na chale za juujuu, mwenye mali aishike, halafu ndipo niongeze.

Mzee aliporudi nilihakikisha tena mbele yake kwamba chemba haina risasi, akaishika bastola, akakunja uso. Kidole gumba kilikuwa kinakwaruzwa upande wa kushoto, karibu na kitufe cha magazini. Nikachukua msasa namba 400, nikapitisha mara nne kwa wepesi. Akaishika tena. Kisha akaipachika kiunoni, akashusha shati, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akainuka.

"Hapo sawa, fundi."