Jedwali lisilo na majina: sheria inavyozibana biashara zinazofuatilia mahali ulipo

Mwaka jana mkurugenzi wa kampuni ndogo ya kupeleka chakula na vifurushi majumbani alikuja ofisini kwangu Mombasa na mkataba wa kurasa nane kutoka kwa kampuni ya matangazo. Kampuni hiyo ilitaka kununua kumbukumbu za mahali walikopita wateja wake. Alitaka nipitie mkataba tu. "Wakili, humu hamna jina la mtu hata moja," akaniambia huku akinifungulia jedwali lenyewe kwenye kompyuta, na kweli hapakuwa na jina. Palikuwa na namba ndefu ya utambulisho wa kifaa, tarehe, saa, pamoja na latitudo na longitudo zenye tarakimu tano za desimali.

Nilimwomba achuje kumbukumbu za kifaa kimoja na kuziweka kwenye ramani. Kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri alama zote zilirundikana juu ya nyumba moja Kisauni. Saa moja unusu asubuhi zilikuwa zikivuka Daraja la Nyali, kisha zikatulia kutwa nzima kwenye jengo moja la mjini. Ijumaa adhuhuri zilihamia msikitini, na Jumanne moja kila baada ya wiki mbili zilikaa dakika arobaini kwenye zahanati. Mkurugenzi alinyamaza, maana nyumba ile aliijua. Ni ya mteja aliyekuwa akimpelekea chakula yeye mwenyewe siku za mwanzo za biashara yake, na sasa alikuwa amejua pia habari za zahanati ambazo mteja yule hakuwahi kumwambia.

Tarakimu tano za desimali zinaonyesha mahali kwa ukadiriaji wa mita moja hivi. Kwa hiyo jedwali la aina hii linaweza kutenganisha mlango wa duka na mlango wa jirani yake, na kuondoa majina hakulipunguzii uwezo huo hata kidogo. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchambuzi wa miezi kumi na mitano ya nyendo za watu milioni 1.5, wakaonyesha kwamba kumbukumbu nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya visa, na wao walitumia minara ya simu, ambayo ukadiriaji wake ni hafifu zaidi kuliko ule wa setilaiti.

Wabunge wa Kenya walilizingatia jambo hili walipotunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoitekeleza haki ya faragha iliyomo katika Ibara ya 31 ya Katiba. Kifungu cha 2 kinapoeleza mtu anayetambulika ni nani, kinataja data za mahali waziwazi, sambamba na jina na namba ya kitambulisho. Hoja ya "hamna jina" basi haina nguvu mbele ya sheria: ikiwa mtu anaweza kutambulika kwa mahali alipo, moja kwa moja au kwa kuunganisha taarifa nyingine, hizo ni data zake binafsi na masharti yote ya Sheria yanazihusu.

Sharti ninalolirudia kwa wateja wangu kuliko mengine yote ni lile la kusudi. Kifungu cha 25 kinataka data zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, mahususi na halali, zisitumike baadaye kwa namna isiyopatana na kusudi hilo, na ziwe za kiasi kinachohitajika tu. Mtu anayeagiza biriani lazima ajulikane alipo, la sivyo mwendeshaji wa bodaboda atazunguka mtaa mzima chakula kikipoa. Kwa jambo hilo kampuni haihitaji hata kumwomba idhini ya ziada, kwa kuwa Kifungu cha 30 kinaruhusu uchakataji unaohitajika ili kutimiza mkataba na mteja. Lakini hitaji hilo linakwisha mlango unapogongwa. Programu ya mkurugenzi wangu iliendelea kuandika mahali alipo mteja mchana na usiku, hata wiki ambazo hakuagiza chochote, kwa sababu fundi aliyeitengeneza aliacha ufuatiliaji ukiendelea nyuma ya pazia na hakuna aliyemuuliza. Kosa lilikuwa limeshatendeka kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Kuuza ni hatua nyingine kabisa. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data binafsi kwa faida ya kibiashara isipokuwa mhusika ametoa idhini ya wazi, au sheria nyingine imeruhusu na mhusika akajulishwa wakati data zinakusanywa. Idhini yenyewe, kama Sheria inavyoieleza, ni tamko lisilo na utata, linalotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu anayeelewa anachokikubali. Kifungu cha 32 kinaubebesha mfanyabiashara mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa idhini hiyo, kinampa mteja haki ya kuiondoa wakati wowote, na kinaagiza kwamba katika kupima kama ilikuwa ya hiari, iangaliwe kama huduma ilifungamanishwa na ruhusa isiyohitajika kwa huduma hiyo. Kitufe cha "Kubali" kilichowekwa chini ya masharti ya maneno elfu sita, bila njia ya kukataa na bado ukapata chakula chako, hakivuki kipimo hicho, na ninasema hivi nikijua kwamba programu nyingi nilizozikagua zimejengwa hivyo hivyo.

Wapo wanaofikiri kwamba haya ni mambo ya nadharia. Kesi ya kampuni ya X-Mode Social, ambayo baadaye ilijiita Outlogic, inafaa kusomwa na kila mtu anayefanya kazi hii. X-Mode alikuwa dalali wa data: aliwapa watengenezaji wa programu za simu kipande cha msimbo wa kupachika ndani ya programu zao, msimbo ukawa unamtumia mahali zilipo simu za watumiaji, naye akawauzia wengine. Kwa mujibu wa mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, alikuwa akipokea zaidi ya kumbukumbu bilioni 10 za mahali kwa siku kutoka duniani kote. Mteja wake mmoja, kampuni ya utafiti wa tiba, aliuziwa orodha ya vifaa vilivyoingia kwa madaktari wa aina fulani katika eneo la Columbus, Ohio, kisha vikaenda kwenye duka la dawa.

Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, jarida la mtandaoni la habari za teknolojia, walikuwa tayari wamefichua kwamba miongoni mwa programu zilizompelekea X-Mode data ni Muslim Pro, inayowaonyesha Waislamu nyakati za swala na upande wa kibla, na kwamba miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Kwetu Pwani, ambako programu za nyakati za swala ziko kwenye simu nyingi, habari hiyo ilinigusa sana, kwani ruhusa iliyoombwa ilikuwa na sababu ya kweli kabisa: kibla hakijulikani bila kujua msimamaji yuko wapi. Mtu aliiruhusu simu yake imwelekeze Makka, na ruhusa ile ile ikaifikisha safari yake yote mikononi mwa watu wasiojua hata jina la mtaa wake.

Januari 2024 Tume ilitangaza amri dhidi ya X-Mode, ya kwanza ya aina yake, ikaithibitisha Aprili mwaka huo. Amri inaizuia kampuni kuuza au kugawa data za sehemu nyeti kama vile vituo vya afya, nyumba za ibada na makazi ya waliokimbia ukatili wa nyumbani, na inaiagiza ifute data za zamani pamoja na bidhaa zilizotokana nazo, isipokuwa ikipata idhini ya wahusika au ikiondoa kabisa uwezo wa kuwatambua. Haikuwa na faini. Marekani haina sheria moja ya faragha kwa nchi nzima, hivyo Tume ilitegemea katazo la jumla dhidi ya biashara isiyo ya haki na ya udanganyifu, huku majimbo yakijitungia yao: California inahesabu mahali panapoweza kukadiriwa ndani ya duara la nusu kipenyo cha futi 1,850 kuwa taarifa nyeti.

Hapo ndipo ninapoona pengo la sheria yetu. Orodha ya Kenya ya data nyeti ina afya, imani, kabila, ndoa na mali, lakini haina mahali mtu alipo, ingawa jedwali lile la ofisini kwangu lilitoboa siri za afya na dini kwa dakika kumi. Mimi ninashikilia kwamba mfanyabiashara anayepanga wateja kwa misikiti au zahanati walizoingia anachakata data nyeti, aite jedwali lake jina lolote. Pengo la pili ni adhabu: Kifungu cha 63 kinaweka ukomo wa shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara. Tanzania, ambako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, faini ya kampuni kwa kufichua taarifa isivyo halali inaweza kufika shilingi za huko bilioni 5.

Mkurugenzi hakutia sahihi. Tulikubaliana ufuatiliaji uzimike agizo linapokamilika, kumbukumbu za zamani zifutwe, na zile anazohitaji kwa kupanga waendeshaji wake zibakishwe na desimali mbili tu, yaani ukadiriaji wa kilomita moja hivi, unaotosha kujua kwamba Kisauni inaagiza sana jioni na hautoshi kujua ni nani.

Wewe mteja unaweza kuiandikia kampuni yoyote, ukitaja Kifungu cha 26, uulize ina kumbukumbu gani za mahali ulikopita na inazitumia kwa nini, na upinge zisiendelee kutumika. Isipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye Kifungu cha 56 kinamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Fidia iko katika Kifungu cha 65, na hasara inayohesabiwa hapo si ya fedha pekee: fadhaa ya kujua kwamba mtu asiyekuhusu amefuata hatua zako hadi zahanati inahesabiwa pia.