Kobe wako hapandi kuota jua? Pima maji kwanza

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kliniki kutoka kwa wafugaji wa kobe wa maji ni hili: "Daktari, taa nimemnunulia, jukwaa la kuotea joto nimemtengenezea, lakini hapandi." Swali langu la kwanza halihusu taa. Nauliza maji yana nyuzi ngapi. Mara nyingi najibiwa 29 au 30, na mwenye kobe anasema hivyo akiamini amefanya vizuri, kwa kuwa anajua kobe ni mnyama apendaye joto. Shida iko hapo hapo. Kobe wa maji hazalishi joto la kumtosha mwilini mwake. Hulitafuta nje, na hupanda juu kwa sababu huko kuna joto asilolipata majini. Ukimpa lote majini, atoke akatafute nini?

Asipotoka hakauki, na gamba lililolowa mchana na usiku ni rahisi kushambuliwa na bakteria na kuvu. Pia anakosa kukaa chini ya taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ya jua, ambayo huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia vizuri kalsiamu ya chakula. Kobe mchanga wa namna hii ukimshika na kumbonyeza taratibu ukingoni mwa gamba, unauhisi ukibonyea chini ya kidole gumba. Inasikitisha, maana unakuta tangi lake lina kila kifaa.

Kwa hiyo ninachokitafuta ni tofauti kati ya maji na jukwaa. Kwa kobe wa masikio mekundu, ambaye wafugaji wengi wanaye, maji ya nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi yanamfaa mkubwa. Mchanga sana tunamwongezea hadi 27 au 28. Juu ya jukwaa nataka 32 hadi 35. Spishi nyingine zina mahitaji yao, hivyo mjue uliye naye kabla ya kununua hita.

Kipimajoto cha kubandika nje ya kioo hakikwambii mengi, kwani kinapima kioo na hewa ya chumbani. Tumia chenye kihisi kinachozama, na ukiweke upande ulio mbali na hita. Kwa jukwaa, kipimajoto cha miale, kile cha umbo la bastola, ndicho kizuri, lakini wengi hukielekeza sakafuni. Mgongo wa kobe mkubwa uko karibu na balbu kuliko sakafu anayolalia. Mimi huweka jiwe lenye kimo cha kobe mahali anapolala, nikaiacha taa iwake saa nzima, kisha nikapima juu ya jiwe. Likizidi 35, pandisha taa.

Hita ya majini ndicho kifaa ninachokiogopa zaidi. Makadirio ya kawaida ni wati moja kwa lita, lakini tangi likiwa kubwa ni afadhali hita mbili ndogo kuliko moja kubwa. Thamostati ya ndani, yaani kidhibiti joto cha hita, ikikwama huku hita inawaka, hita kubwa inaweza kumpika mnyama. Ndogo haina nguvu hiyo, na moja ikifa nyingine inazuia maji yasipoe ghafla. Ongeza thamostati ya nje inayokata umeme. Kobe ana nguvu na hugonga vitu, kwa hiyo hita ya kioo iwe ndani ya kizimba cha plastiki, au nunua ya titani. Angalia pia alama ya kina cha chini cha maji: matangi ya kobe hayajazwi hadi juu, na hita ikichomoza nje huku inawaka kioo chake hupasuka. Siku ya kubadilisha maji, chomoa plagi, subiri dakika 15 hadi 20, ndipo uyapunguze.

Waya wowote unaotoka kwenye tangi uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuifikia, ili matone yaanguke sakafuni yasiifuate plagi. Soketi iwe na kikata-umeme cha kukinga watu, kile ambacho mafundi hukiita RCD. Na usitie mkono majini kabla ya kuchomoa.

Taa ya jukwaani iwe kwenye holda ya kauri na ifungwe mara mbili: kibanio, halafu mnyororo. Kibanio peke yake huteleza, na balbu ya moto ikiangukia zulia ni moto wa nyumba nzima. Maji yakiruka juu ya balbu huipasua, hivyo iweke mbali na mtiririko wa filta. Usiiwekee kioo chini taa ya UVB. Kioo cha kawaida huzuia miale hiyo. Usiku zima zote, hata nyekundu, kwa sababu anahitaji giza. Mawe ya umeme ya kupashia joto siyakubali kabisa: reptilia hukaa juu yake hadi tumbo likaungua.

Kobe anayepanda na kushuka mara moja, au anayekaa juu huku ameachama, huenda taa imemzidi. Anayeelea kwa upande mmoja, anayetoa mapovu puani na kukataa chakula, huyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo; mapafu huenda yameambukizwa, na kuongeza joto peke yake hakutamponya.

Umeme ukikatika, usimwage maji ya moto tangini. Chomoa taa, funika pande za tangi kwa blanketi, na usimlishe: maji yakipoa, chakula hukaa tumboni bila kusagika. Mpe chakula tena maji yakisharudi nyuzi 24.