Nusu milimita ya bomba la mvuke

Bomba kuu la mvuke huwezi kulikata kipande ukakipeleke maabara kuvutwa kwenye mashine ili kujua kama chuma bado kina nguvu. Ukilikata itabidi lichomelewe upya, na mtambo wa umeme usubiri. Kwa hiyo tunachota: kisu chenye umbo la bakuli kinakwangua kipande chembamba kwenye uso wa bomba, kikiacha kishimo cha milimita tatu hivi. Unene uliobaki ukitosha, kishimo kinalainishwa tu na kazi inaendelea.

Kutoka kwenye kipande hicho natengeneza visahani vya kipenyo cha milimita 8 na unene wa nusu milimita. Kimoja hakifiki robo gramu! Nakibana pembeni juu ya tundu la milimita 4, kisha ncha ya mviringo kama gololi, ya milimita 2.5, inakisukuma katikati hadi kipasuke. Mwanzoni kisahani hupinda, baadaye huvutika kama ngozi ya ngoma. Pale mchoro wa nguvu unapoanza kulegea ndipo ninapokadiria msongo (nguvu kwa kila eneo) ambao chuma kikiuzidi hakirudi umbo lake. Kileleni nakadiria msongo wa juu kabisa ambao kinaweza kuhimili.

Msasa ndio uliowahi kuniumbua. Niliwahi kuripoti kwamba chuma fulani kimelegea, kumbe nilikisugua kisahani hadi milimita 0.47 na kukokotoa kana kwamba ni 0.50. Kupinda hufuata mraba wa unene, hivyo kosa la asilimia 6 lilishusha jibu kwa takriban asilimia 12. Kiwango cha Ulaya EN 10371 cha 2021 kinaruhusu tofauti ya milimita 0.005 tu, na siku hizi napima kila kisahani sehemu kadhaa kabla ya kukigusa. Pia natupa ngozi ya nje ya bomba: chuma kilichokaa kwenye joto kali hupoteza kaboni juujuu, na hapo huonekana laini kuliko kilivyo ndani.

Wahandisi huuliza, "Litadumu miaka mingapi?" Jaribio hili la dakika chache halijibu hilo. Chuma cha P91, chenye kromiamu takriban asilimia 9, kikikaa kwenye nyuzi joto 570 hurefuka kidogo kidogo kwa miaka, hata chini ya mzigo mdogo. Kwa swali hilo naweka kisahani kingine tanurini, mzigo ukiwa uleule, na kungoja wiki kadhaa.